Pumzi ya Dakika Tatu

Mwalimu alituambia tutoe pumzi puani kama mtu anayefukuza inzi. Haraka haraka, tumbo likiingia ndani kila mara, raundi tatu, pumzi 60 kila raundi. Zoezi lenyewe linaitwa kapalabhati, akasema, na linaosha ubongo. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi kwenye ghorofa ya tatu ya jumba fulani hapa Nairobi, Jumamosi asubuhi, kila mtu na mkeka wake. Wangu ulikuwa wa kukopa.

Raundi ya kwanza nilienda sawa. Ya pili naikumbuka ikianza. Kitu kinachofuata kichwani mwangu ni wenzangu wote wamelala chali, macho yamefungwa, na mimi peke yangu nimekaa kitako, mikono magotini, nakodolea ukuta. Katikati hapo hakuna kitu. Si usingizi, wala si ndoto. Ni kama mtu amekata kipande cha filamu akaunganisha ncha mbili na gundi.

Baada ya darasa nilimweleza mwalimu kwamba nina kifafa. Hakushtuka, na hilo nililipenda, kwa sababu nimezoea watu kurudi nyuma hatua moja. Alinishika bega. "Usijali, mpenzi. Pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Kaa na sisi miezi sita, hizo tembe utazitupa mwenyewe."

Sikumwambia kwamba nilishawahi kuzitupa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye chumba tofauti kabisa. Kitanda chembamba, nyaya zaidi ya ishirini zimebandikwa kichwani kwa gundi inayokataa kutoka hata ukiosha nywele mara tatu (wenye rasta, jiandaeni), na mashine inayochora umeme wa ubongo, ile inayoitwa EEG. Fundi wa mashine, dada mmoja mpole, alizima taa akaniambia, "Sasa vuta pumzi kwa nguvu na utoe. Haraka. Usiache mpaka nikwambie. Ni dakika tatu."

Nikamuuliza za nini.

"Tunataka kuona kama itakuja."

Ilikuja, dakika ya pili hivi. Baadaye alinionyesha: mistari iliyokuwa ikitambaa taratibu inaruka ghafla, mchongoko na wimbi, mchongoko na wimbi, mara tatu kila sekunde, kwa sekunde tisa. Kisha inatulia kana kwamba hakuna lililotokea.

Kumbe nilikuwa nimelipa pesa zangu kufundishwa kama tiba kitu ambacho hospitali hunifanyisha makusudi ili nishikwe. Nilirudi nyumbani na hasira. Na mtu aliyeacha chuo, mwenye hasira na bando la intaneti, ana muda mwingi sana wa kusoma.

Ukianza kuchimba habari hizi, kuna mwaka mmoja unaojirudia: 1924.

Mwaka huo, katika mji wa Breslau uliokuwa Ujerumani na leo ni Wrocław, Poland, daktari wa neva Otfrid Foerster alieleza kwamba ukimfanya mtu mwenye kifafa apumue haraka na kwa kina, unaweza kumletea mshtuko palepale mbele yako. Mwaka huohuo, Julai, katika mji mwingine wa Ujerumani, Jena, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Hans Berger alifanikiwa kwa mara ya kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, wa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa kichwa. Berger alikuwa mtu wa woga woga. Alikaa na siri yake miaka mitano ndipo akachapisha, 1929, na hata hivyo wengi hawakumwamini. Na mwaka huohuo wa 1924, huko Lonavla, kwenye milima iliyo kati ya Mumbai na Pune, Swami Kuvalayananda alifungua taasisi ya Kaivalyadhama na jarida lake la Yoga Mimamsa. Lengo lake lilikuwa kuipeleka yoga maabara. Aliwapiga wanayoga picha za eksirei, akapima shinikizo la hewa ndani ya matumbo yao, akachapisha majedwali.

Sidhani kama watu hao watatu walijuana. Lakini ukiwa na kichwa kama changu huwezi kuacha kuwaweka meza moja. Mmoja anasema pumzi huamsha ugonjwa. Mwingine anatengeneza macho ya kuuona. Wa tatu anaamini pumzi ni tiba na anataka kuthibitisha kwa vipimo. Karne nzima baadaye, hospitali na studio za yoga bado zinarithi ubishi wao, mara nyingi bila kujua.

Na Foerster alikuwa sahihi. Wacha nieleze, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea, mwalimu wangu akiwa mmoja wao. Ukipumua haraka huujazi ubongo oksijeni; damu ya mtu mwenye afya huwa tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Unachofanya ni kumwaga kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoiita taka. Ikishuka kupita kiasi damu hupungukiwa asidi, mishipa ya ubongo hujibana, na seli za neva zinaingiwa na kiherehere. Mtu wa kawaida atasikia kizunguzungu na ganzi vidoleni. Mwenye kifafa cha kuzubaa, kile kinachoanza utotoni na ambacho walimu hukiita kutosikiliza darasani, mara nyingi huzimika pale pale. Aina nyingine nyingi za kifafa wala hazijali. Mwaka 1935 huko Boston, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha kwa EEG picha yenyewe ya kuzubaa huko: mchongoko na wimbi, mara tatu kwa sekunde. Picha ileile niliyoonyeshwa na yule dada.

Vitabu vya kale vya yoga havikuwa na haraka hiyo. Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinaonya kwamba pumzi ifugwe polepole kama mnyama wa porini, na kwamba anayeikurupukia atavuna kikohozi, kwikwi na maumivu ya kichwa. Ina maana onyo lilikuwepo miaka 500 kabla ya EEG. Halikuingia tu kwenye mpango wa Jumamosi.

Lakini pumzi na kifafa havikukutana Breslau. Vimeandamana tangu zamani, na kinachoviunganisha ni neno ambalo sisi wa Kiswahili tunalo mdomoni kila siku: upepo.

Wagiriki waliuita ugonjwa huu mtakatifu, wakimaanisha kwamba mungu fulani amekupiga. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa kundi la Hippocrates aliandika kitabu kizima kuupinga utakatifu huo. Anasema ni ugonjwa kama mwingine, unatoka kwenye ubongo, na walioupa jina hilo walikuwa matapeli waliokosa dawa wakajificha nyuma ya miungu. Nilicheka kwa sauti nilipofika pale anapowasuta waganga waliowakataza wagonjwa kula nyama ya mbuzi na kulalia ngozi yake. Kama ni hivyo, anauliza, mbona Walibya wanaokaa bara, ambao hula mbuzi na kulalia ngozi za mbuzi, si wagonjwa wote? Mtu mwenye kifafa Nairobi, ambaye amekatazwa mbuzi choma na shangazi watatu, anasoma hapo anajisikia amepata wakili.

Maelezo yake mwenyewe, hata hivyo, yalikuwa ya pumzi. Aliamini hewa ndiyo inayopeleka akili ubongoni, na kwamba balghamu ikiteremka na kuziba mishipa, hewa inakwama, mtu anakosa sauti, anatoa povu, anaanguka. Alikosea kuhusu bomba, lakini alikuwa ameshashika nyumba sahihi.

Karne kadhaa baadaye Galen aliandika habari za wagonjwa waliosikia ugonjwa ukija kabla haujafika. Mmoja alisema ni kama upepo wa baridi unaopanda kutoka mguuni kuelekea kichwani. Neno la Kigiriki la upepo huo mwepesi ni aura, na mpaka leo daktari wako atakuuliza kama unapata aura. (Mimi siipati. Kwangu ni giza tu, bila hodi.) Huko India, Charaka Samhita, maandiko ya tiba ya karibu miaka 2000 iliyopita, yanauita ugonjwa huu apasmara, yaani kupotewa na kumbukumbu, na aina ya kwanza kati ya nne inazozitaja inatokana na vata. Vata ni upepo.

Na kwetu? Pepo na upepo ni neno moja lililovaa ngeli mbili. Anayemtoa mtu pepo anampunga, na kupunga ni kupeperusha kitu hewani. Nyanya yangu, mzaliwa wa Kilifi, alipoambiwa kwamba nazubaa, alisema ni nyuni. Nyuni ni ndege, kwa Kiswahili cha zamani, na pwani ni ndege huyo anayeaminiwa kuwapitia watoto na kuwaletea degedege; hata kwenye hilo neno degedege, sikiliza, kuna dege. Nilifukizwa. Niliwekwa juu ya sufuria ya majani yanayochemka, nikafunikwa leso mbili, nikaambiwa vuta pumzi, vuta tena, usiogope. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa hivyo darasa langu la kwanza la mazoezi ya kupumua halikuwa la yoga, na mwalimu wake alikuwa na mapenzi kuliko wote waliofuata.

Kuna sanamu utakuwa umeiona bila kujua inahusu nini: Shiva Nataraja akicheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja hewani. Wachongaji wa enzi ya Chola, kusini mwa India, waliifanya shaba yake kuwa maarufu miaka elfu moja iliyopita, na tangu 2004 kuna kubwa inayosimama kwenye maabara ya CERN, Geneva, zawadi ya serikali ya India. Tazama chini ya mguu wa pili. Kuna kibeti amelala. Jina lake ni Apasmara. Ndiyo, kifafa, au ujinga na usahaulifu kwa maelezo ya kidini. Na hauawi. Shiva anamkanyaga tu, ngoma inaendelea. Sipendi sana kuwa mwili wangu umekuwa mfano wa ujinga wa mtu mwingine, lakini hilo la kukanyagwa bila kuuawa nimelifikiria sana. Ndivyo tembe zinavyofanya kazi.

Sasa nirudi kwenye zile nilizozitupa. Mwaka wa pili chuoni nilikuwa nimekaa miezi saba bila kushikwa. Dawa zilininenepesha na kunipa usingizi, na mtu fulani kanisani akaniambia imani isiyotupa tembe si imani. Zilikwenda chooni Jumapili. Alhamisi iliyofuata nilianguka kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Nilivunjika jino la mbele na kukojoa mbele ya watu wasiopungua mia, na simu kadhaa zilikuwa zinarekodi. Hakuna aliyenigusa mpaka ikaisha, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Nilirudi darasani wiki mbili, halafu sikurudi tena.

Hadithi hiyo si yangu pekee, wala si ya chuo fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Tanzania. Alikuta watu wanaokula kwenye vyombo vyao peke yao, waliojengewa vibanda pembeni, wenye makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwavuta. Yeye ndiye aliyeandika kwa watu wa nje kwamba neno kifafa lina kufa ndani yake, kifo kidogo. Alichowapa kilikuwa hasa fenobabito, dawa ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kwamba inazuia mishtuko. Miaka zaidi ya mia baadaye bado ni dawa ya bei nafuu kuliko zote za ugonjwa huu, na bado zahanati zetu huishiwa nayo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kwenye nchi kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangepimwa na kutibiwa inavyopaswa. Ukiwa na takwimu hiyo mkononi, mtu anayekwambia utupe tembe si wa kuchekewa.

Ningeishia hapo, na hasira yangu ingekuwa imeshiba. Tatizo ni kwamba niliendelea kusoma.

Katika miaka ya 1950 Henri Gastaut wa Marseille, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kifafa wa karne iliyopita, pamoja na mwenzake Mhindi, N. N. Das, waliwapima wanayoga kwa EEG wakiwa kwenye tafakuri. Waliona mawimbi yakienda kasi. Mwaka 1961 watafiti wa Delhi wakapima tena wakaona kinyume, mawimbi yametulia. Basi hapo huna cha kuegemea. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa New York, Robert Fried, akageuza ugunduzi wa Foerster juu chini: kama kumwaga kabonidayoksaidi kunaleta mshtuko, je, ukimfundisha mtu kupumua polepole kwa tumbo, asiimwage? Wagonjwa wake walikuwa wale ambao dawa zimeshindwa, na baadhi walipata nafuu.

Wazo hilo nililipenda mara moja. Ni pumzi ileile, ila mwendo umebadilika.

Halafu 1996, Delhi tena: wagonjwa 32, kumi wakifanya Sahaja yoga, kumi wakifanya mazoezi ya kuigiza, 12 bila chochote. Baada ya miezi sita wale kumi wa kwanza waliripoti mishtuko imepungua kwa asilimia 86. Inasikika kama muujiza mpaka ukumbuke ni watu kumi. Mwaka 2008 utafiti mwingine India ulichukua watu 18 wa kifafa sugu, nusu yoga, nusu tiba ya kisaikolojia, na wote wakapata nafuu. Wapitiaji wa Cochrane, wale wakaguzi wa tafiti wasio na huruma, walipokusanya yote yaliyofikia kiwango chao walibaki na tafiti hizo mbili. Watu 50. Hawajazi hata basi la abiria 51. Uamuzi wao: hatuwezi kusema lolote la uhakika.

Ule uliofuata ndio uliovunja ubishi wangu kidogo. Mwaka 2023 timu ya hospitali kuu ya AIIMS, Delhi, ilichapisha utafiti wa watu 160 wenye kifafa, wote wakiendelea kumeza dawa zao, wengi aina mbili au zaidi. Nusu walifundishwa yoga. Nusu walifundishwa mikao ileile, kwa muda uleule, lakini bila maelekezo mawili: kupumua polepole kwa kufuata mwendo wa mwili, na kuuangalia mwili kwa makini. Baada ya miezi sita, waliofundishwa pumzi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa mishtuko kupungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini si mishtuko iliyokuwa swali lao kuu. Walichotaka kupima ni aibu. Waliwachagua watu waliokiri kuibeba, wakawauliza kama wanahisi wametengwa, kama wengine wanawaogopa, na aibu hiyo ikapungua kwa waliopumua. Hili kwa India si jambo dogo. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya 1955 ilikuwa imeorodhesha kifafa kama kizuizi cha ndoa, na hakikuondolewa mpaka 1999. Yaani baadhi ya watu waliokaa kwenye mikeka ile walizaliwa wakati ambapo ugonjwa wao ungeweza kuivunja ndoa yao mahakamani.

Ni kwa nini pumzi ya polepole isaidie? Maelezo yanayotajwa sana ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kutoa pumzi ndefu huiamsha. Tangu 1997 Marekani imeruhusu kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua na kuichokoa neva hiyo kwa umeme ili kupunguza kifafa. Kifaa hicho ni bei ya shamba. Kama pumzi inafanya hata sehemu ndogo ya kazi hiyo, nataka kujua ni sehemu gani, na nataka tafiti kubwa, na nataka moja ifanyike hapa. Yoga yenyewe haina ugeni tena. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa 2007, imekuwa ikiwafunza vijana wa Nairobi kuwa walimu.

Kwenye ile studio sikurudi. Nilimwandikia mwalimu ujumbe mrefu kuhusu kabonidayoksaidi, nikaufuta, nikamwandikia mfupi: kabla ya kapalabhati, uliza kama kuna mwenye kifafa. Alijibu kwa emoji ya mikono miwili iliyounganishwa. Sijui ilimaanisha sawa au kwaheri.

Daktari wangu nilimuuliza wazi. Alisema: polepole sawa, haraka hapana, kushikilia pumzi hapana, na tembe ni zile zile. Kwa hivyo saa tatu usiku simu inalia. Valproeti mbili na maji. Halafu nakaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono mmoja tumboni, navuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, dakika kumi. Daftari langu linaonyesha nimeshikwa mara moja tangu Machi. Kabla ya hapo ilikuwa kila wiki ya tatu hivi, lakini pia mwezi huohuo wa Machi dozi yangu iliongezwa, kwa hivyo hata mimi siwezi kukwambia ni nini kimefanya nini.

Mama mwanzoni alidhani nimeingia dini nyingine. Jana alisimama mlangoni na bakuli la maharagwe anachambua, akanitazama kidogo, halafu akaanza kunihesabia. Anahesabu haraka mno. Nimemwambia apunguze.